Simu ya Kishushe Ililia

Alhamisi, Voi. Jua la leo linakausha jinzi kwa nusu saa, na upepo umeleta vumbi lote la stesheni mpaka juu ya kibodi yangu. Nimefunga saiba mapema na kubandika karatasi mlangoni: Narudi kesho. Kabla sijaondoka, watu watatu waligonga dirisha wakitaka kuchapisha vitu. Nikainama nyuma ya kompyuta nikajifanya sipo.

Mgongo unaniuma kwa sababu ya barabara ya jana. Kichwa kinaniuma kwa sababu yangu mwenyewe.

Nataka kuandika yaliyotokea kabla sijaanza kuyapamba. Najijua. Nikisimulia jambo mara tatu, kufikia mara ya tatu mimi ndiye shujaa. Jana sikuwa shujaa, na ningependa libaki limeandikwa mahali.

Kwa aliyeingia hapa leo kwa mara ya kwanza: naitwa Mghoi. Ninaendesha saiba ndogo hapa mjini, na asubuhi kabla ya kufungua mimi ni msikilizaji kwenye grupu la simu la vijana waliowahi kufikiria kujiua. Wengine bado wanafikiria. Sisi si madaktari. Ni vijana wa kaunti hii tunaosikilizana, na Sista Mkawasi, muuguzi aliyetufundisha, ndiye anayetusimamia. Nimo humo kwa sababu miaka miwili iliyopita na mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Grupu linaitwa Saa Moja, maana saa moja asubuhi kila mtu anaripoti. Hakuna anayedai uandike hadithi. Neno moja linatosha: mzima, mzito, nimechoka, nipo. Majina yetu hatutumii. Kaunti hii ni ndogo. Ukitaja jina la baba yako tu, mtu atakuambia shamba la babu yako linapakana na nani. Kwa hivyo tumejipa majina ya vyakula. Yuko Muhogo wa Njukini, yuko Ndizi wa Mahoo, yuko Mbaazi wa hapa hapa Voi, na yuko Kimanga wa Kishushe, msichana wa miaka ishirini aliyechukua jina la chakula cha nyanya yake. Mimi ni Pilipili. Jina hilo sikujichagulia, nilipewa kwa kura, na kura zote zilikuwa za ndiyo.

Halafu kuna desturi yetu nyingine, ambayo ndiyo iliyoniumbua. Ukijiunga unamtumia msikilizaji nambari ya mtu mmoja anayeweza kufika mlangoni kwako kwa miguu. Awe mtu wa karibu tu, hata kama humpendi sana. Tunamwita mtu wa mlangoni. Usiporipoti tunakupigia. Usiposhika simu mpaka saa tatu, tunampigia mtu wako wa mlangoni aende akugongee. Nambari hizo naziandika kwenye daftari lenye picha ya twiga, linalokaa kwenye droo yangu pale saiba.

Sheria hiyo ni ya kila mtu. Isipokuwa Kishushe.

Hakuna aliyeketi akaamua hivyo. Ilianza kama utani. Kimanga alipojiunga, mtandao wa kwao ulikuwa wa kubahatisha. Alikuwa akipanda jiwe fulani nyuma ya zizi la mbuzi ili ujumbe utoke, na simu akiipeleka kuchajiwa dukani kwenye sola. Anaweza kupotea siku mbili, halafu ripoti tatu zikaingia kwa mpigo: mzima, mzito, mzima. Tukawa tunacheka. Tukasema huyu anatumia saa za Kishushe. Mara ya kwanza alipopotea nilimtafuta kwa hofu, mara ya pili kwa wasiwasi, na mara ya tano sikumtafuta. Tukampa siku mbili zake kama vile mtu anavyopewa likizo.

Mama yake alifariki mwaka jana. Alituambia mazishi yalijaa watu mpaka viti vikaazimwa kanisa la pili. Matanga yalipoisha kila mtu akarudi alikotoka, Mombasa, Nairobi, Mwatate, akabaki yeye, nyanya yake na mbuzi. Alikuwa akiandika vizuri sana kuhusu hao mbuzi. Kuna mmoja mwenye pembe moja aliyemwita Chifu.

Jumapili iliyopita aliandika ujumbe mrefu, kwangu peke yangu. Alisema anaona ni mzigo kwa nyanya. Alisema nyanya angepumzika kama yeye asingekuwepo, na kwamba amechoka kuchosha watu. Ujumbe ulinikuta nikifua. Mikono ilikuwa na povu, na nilikuwa katikati ya ugomvi na jirani yangu Mama Brayo, ambaye tangu nihamie ploti hii ya vyumba vya kupanga haamini kwamba kamba ya nguo iliyo mbele ya mlango wangu ni yangu. Alikuwa ameanika mashuka matatu. Mashuka! Nikafuta kidole kwenye leso, nikasoma nusu, nikajibu: Pole sana dia, tuko pamoja. Nikaongeza stika ya moyo.

Sista Mkawasi alitufundisha siku tatu nzima kwenye ukumbi wa kanisa. Kati ya mambo yote aliyosema, mawili aliyarudia mpaka tukachoka. La kwanza: mtu akizungumza hivyo, muulize waziwazi, unafikiria kujiua? Usizunguke. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Kunamwonyesha kwamba hapa anaweza kusema. La pili: usimwambie mtu tuko pamoja kama huna mpango wa kwenda popote. Alisema hilo ni neno la kufungia mazungumzo, watu hulisema wakiwa tayari wameshageuka kuondoka.

Nililijua hilo. Nililiandika kwenye daftari na kulipigia mstari.

Jumatatu asubuhi Kimanga aliripoti neno moja, Sawa, halafu akaongeza, asanteni wote kwa kunivumilia. Watu wakamwekea vidole gumba. Mimi pia nilimwekea.

Jumanne hakuripoti.

Hapa ndipo penye jambo ambalo sitaki kuliandika. Jumanne sikuogopa. Jumanne nilifurahi. Niliangalia simu, nikaona jina lake halipo, nikasikia mabega yananishuka. Nilijiambia ni mtandao wa Kishushe, nikanywa chai yangu polepole, nikafungua saiba nikiimba. Kusikiliza kunachosha, hasa kumsikiliza mtu ambaye huzuni yake inafanana na ile uliyoiacha. Nilikuwa nimechoka naye. Nilimpenda na nilikuwa nimechoka naye, yote mawili kwa pamoja, na alipokaa kimya nilishukuru.

Jana, Jumatano, hakuripoti tena. Saa tatu ikapita. Sikupiga simu, maana ni Kishushe.

Ilikuwa saa nne hivi, ninamjazia mzee mmoja fomu ya cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake, Muhogo alipoandika kwenye grupu.

"Kimanga ako wapi?"

Nikamjibu, "Kishushe hiyo. Network. Usijali."

"Network gani? Kule waliwekewa mnara mwezi uliopita. Binamu yangu anafanya kazi huko, jana tumeongea video mpaka data ikaisha."

Nilisoma ujumbe huo mara mbili. Mzee akaniuliza kama jina la mjukuu limeingia vizuri. Sijui nilimjibu nini. Nilitoka nje, nikasimama kwenye kivuli cha ukuta, nikampigia Kimanga.

Nataka unielewe. Zamani ukimpigia Kimanga ulisikia ile sauti ya mwanamke ikisema mteja hapatikani. Nilikuwa naingoja sauti hiyo. Nilikuwa naitaka. Ingesema hapatikani ningerudi kwa mzee wangu.

Simu ililia.

Ililia mpaka ikakatika. Nikapiga tena, ikalia tena. Kwa hiyo mtandao ulikuwepo. Ulikuwepo Jumanne nilipokuwa nikiimba, na ulikuwepo asubuhi hiyo saa tatu. Kulikuwa na simu yenye chaji mahali fulani Kishushe, inalia, na hakuna anayeishika.

Nikakimbia ndani, nikavuta droo, nikatoa daftari la twiga. Kimanga, ukurasa wa nne. Mtu wa mlangoni: nambari. Hakuna jina, nambari tu. Nikaanza kuibonyeza, na kufikia tarakimu ya tano vidole vyangu vikawa vinatangulia macho. Vilikuwa vinaijua. Nikasimama nikaisoma kwenye karatasi kuanzia mwanzo.

Ilikuwa nambari yangu.

Niliiandika mwenyewe, kwa kalamu yangu, miezi minane iliyopita. Alinitumia kwa ujumbe nami nikainakili kwenye daftari huku nikihudumia wateja, kama ninavyonakili nambari za vitambulisho vya watu kutwa nzima, bila kuiona. Miezi minane mtu wa mlangoni wa Kimanga alikuwa mimi, na mimi niko Voi, na kutoka hapa mpaka mlango wake kuna milima yote ya Taita katikati.

Nilimpigia Sista Mkawasi. Alikuwa kwenye semina Mombasa, akatoka nje kunisikiliza. Nikamweleza kwa haraka, nikaongeza kwamba Kimanga aliwahi kuniapisha nisimwambie mtu yeyote wa kule kwao.

"Ahadi hiyo haikuwa yako kuitoa, Mghoi," akasema. Hakupandisha sauti. "Ngoja kwa laini."

Dakika sita baadaye alikuwa amempata Mama Mwakio, mhudumu wa afya wa kijiji huko Kishushe. Jina hatukuwa nalo, lakini tulipomtajia msichana aliyefiwa na mama mwaka jana, anayeishi na nyanya yake, akalijua boma. Alikuwa kwenye mkutano zahanati, na kutoka hapo mpaka boma la Kimanga ni mwendo wa saa nzima na zaidi kwa miguu. Boda hakukuwa na hata moja. Akasema anaanza kutembea sasa hivi, na kweli kwenye simu nilisikia anapumua kama mtu anayetembea.

Sista akaniambia nikae, kazi yangu sasa ni kuendelea kupiga ile simu ili Kimanga ajue anatafutwa. Nikamwambia sawa. Nikakaa sekunde kumi. Halafu nikaenda kwa Mutua.

Mutua ana duka la chakula cha mifugo linalopakana na saiba, na pia hununua mbuzi. Ni mtu wa Kitui, yuko Voi tangu kabla sijazaliwa, na kila siku ananitania kwamba sisi Wadawida, watu wa Taita, tunazaliwa tumeshakasirika. Pikapu yake huenda Kishushe kila Alhamisi.

"Nipeleke Kishushe," nikamwambia.

"Kishushe ni kesho."

"Leo, Mutua. Sasa hivi."

Akaniangalia. Alikuwa na utani tayari mdomoni, nikauona ukirudi ndani.

"Kuna mgonjwa?"

"Ndiyo."

"Panda."

Tulishika barabara ya Mwatate. Nilikuwa napiga simu. Inalia, inakatika, napiga. Tulipoanza kupanda kwenda Wundanyi mtandao wangu mimi ndio ukawa unapotea kwenye kona, na kila ulipopotea nilitukana kwa maneno ambayo mama yangu hajui kama ninayajua. Mutua akafungua redio, akaifunga. Akaniuliza mgonjwa ni nani wangu. Sijui jina lake halisi, sijui sura yake, najua mbuzi wake mmoja anaitwa Chifu. Nikamwambia ni dada yangu. Akasema, "Basi tutafika," akaongeza mwendo mahali ambapo hapakuwa pa kuongeza mwendo.

Tulikuwa tumepita Wundanyi, tunateremka upande wa pili ambako barabara ni mawe na mifereji, simu yangu ilipolia. Mama Mwakio.

"Nimemfikia. Ako hapa na mimi. Ako hai."

Nilimwambia Mutua asimame. Nilishuka, nikakaa juu ya jiwe kando ya barabara. Nililia kwa sauti, kilio kibaya cha makamasi. Mutua alishuka pia, akanigeuzia mgongo, akaanza kukagua gurudumu ambalo halikuwa na shida. Alilikagua mpaka nikamaliza.

Boma lao ni nyumba mbili na jiko, na zizi lenye miiba. Kimanga alikuwa ameketi kwenye mkeka barazani, Mama Mwakio pembeni yake akiwa bado na vumbi mpaka magotini. Nilikuwa nimemwazia mrefu. Ni mfupi, mwembamba, amevaa sweta kubwa la kijani ambalo baadaye aliniambia lilikuwa la mama yake. Hakuinuka.

"Wewe ndio Pilipili?"

"Ni mimi."

"Nilidhani wewe ni mtu mzima."

Nina miaka ishirini na saba. Nikakaa kwenye mkeka.

"Simu nilikuwa naiona ikilia," akasema. Hakuwa akiniangalia. "Nilikuwa nahesabu. Nikasema akifika kumi atachoka."

"Nilipiga ngapi?"

"Ishirini na tatu."

Alisema kwa hasira, kana kwamba nilikuwa nimemharibia kitu. Nadhani kweli nilikuwa nimemharibia. Nilitarajia kushukuriwa, nikiri na hilo pia. Njia nzima sehemu yangu fulani ilikuwa inaona jinsi atakavyonikumbatia.

Nikamuuliza mbona aliandika nambari yangu.

"Uliniuliza nani anaweza kufika hapa. Nyanya hajui simu. Shangazi ako Mombasa. Halafu siku hiyo ulikuwa umeniambia tuko pamoja." Akainua bega moja. "Nikaandika."

Kwa hiyo nilikuwa nimelisema tangu siku ya kwanza. Nimelisema mara ngapi, kwa watu wangapi, sijui.

Basi nikamwambia ukweli. Sikupanga. Nilimwambia kwamba Jumapili nilisoma nusu ya ujumbe wake nikiwa nagombania kamba ya nguo, na kwamba Jumanne alipokaa kimya nilifurahi. Mama Mwakio alinikodolea macho, akaona sasa huyu amekuja kumaliza kazi. Kimanga aligeuka akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Ulifurahi?"

"Nilikunywa chai."

Akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo cha puani, na kiliisha haraka, kikafuatwa na machozi. "Hata mimi ningefurahi," akasema. "Mimi nachosha."

"Unachosha," nikamwambia. "Na nimekuja."

Halafu nikamuuliza lile swali la Jumapili. Nilimuuliza waziwazi, kama nilivyofundishwa. Akasema ndiyo. Akasema kwa muda gani amekuwa akiwaza, na kwamba jana asubuhi alikuwa ameshaamua, na kwamba kila alipoiweka simu kando ilikuwa inalia tena. Sitaandika zaidi ya hapo. Mama Mwakio alimshika mkono, akamwambia tunakwenda hospitali Wundanyi sote, leo hii, kama vile mtu mwenye malaria anavyopelekwa. Kimanga hakukubali na hakukataa. Aliuliza nani atafungia mbuzi.

Nyanya alitoka jikoni wakati huo na sufuria. Hakujua lolote. Alijua tu kwamba wageni wamekuja na mjukuu wake amelia. Akasema kwa Kidawida kwamba hakuna anayeondoka kwake na njaa, hata kama anakimbizwa. Alikuwa amepika kimanga, cha mihogo na maharagwe, cha moto, kinafuka mvuke. Tulikula sote watano, na Mutua akala mara mbili. Mama Mwakio alimweleza nyanya polepole, kwa lugha yetu, na mimi nikaangalia chini. Nilitarajia bibi yule atapiga mayowe. Alisogea tu mpaka akakaa akigusana na mjukuu wake, akamvuta sweta likafunika mabega vizuri, akasema maneno ambayo niliyaelewa na sitayatafsiri hapa. Kijana wa boma la pili akaja kuwafunga mbuzi.

Tulirudi Wundanyi tukiwa tumebanana, Mutua akiendesha kama amebeba mayai. Hospitali wakampokea vizuri. Mshauri alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani, akamchukua ndani, akakaa naye muda mrefu. Amelazwa. Shangazi ameshatoka Mombasa na leo mchana alikuwa naye. Nilipoaga jana, Kimanga aliniambia jina lake. Naliweka kwangu. Leo nilimwandikia kumwomba ruhusa ya kuandika haya, akajibu, andika, lakini usinifanye malaika, na usiseme nimepona.

Sisemi amepona. Sijui kesho yake itakuwaje, na Sista ameniambia nikome kudhani nitajua. Leo asubuhi, saa moja na dakika nne, ameripoti kutoka kitandani. Nipo. Ndizi akajibu nipo. Muhogo akajibu nipo. Wote wakaandika neno hilo hilo, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeweka stika.

Mimi sikuandika kitu. Wasikilizaji huwa haturipoti.

Asubuhi nzima nimekuwa kwenye daftari la twiga, na nilipofunga saiba nimekuja nalo nyumbani. Nimepiga nambari zote za watu wa mlangoni, moja moja, jambo ambalo sikuwahi kulifanya hata siku moja. Mmoja yuko Qatar tangu mwaka jana. Mmoja amekosana na mwanachama wetu na hataki hata kusikia jina lake. Nambari moja ni ya mtu wa Busia asiyetujua kabisa, alikuwa na adabu lakini. Nyumba tunazozilinda zilikuwa hazina mtu mlangoni, na mimi nilikuwa na daftari safi lenye mistari iliyonyooka. Nimewaandikia wote wanitumie nambari mpya, na safari hii kila mtu wa mlangoni nitazungumza naye mimi mwenyewe kwanza.

Nilipofika ukurasa wa kwanza nikakuta mstari wangu. Niliuandika siku tulipoanzisha grupu, nikionyesha wenzangu jinsi ya kujaza.

Pilipili. Mtu wa mlangoni: hahitaji.

Hati nzuri kabisa. Nimeitazama kwa muda mrefu leo.

Wenzangu wanadhani wazo la mtu wa mlangoni nililitoa kwenye mafunzo. Sikulitoa huko. Miaka miwili iliyopita nilikaa siku tatu katika chumba hiki ninachoandikia sasa, mlango umefungwa, simu imezimwa, na nilikuwa nimeshafika pale alipofika Kimanga. Siku ya tatu mchana mtu akagonga. Hakugonga kwa huruma. Alipiga mlango kwa kiganja, akapiga kelele kwamba nguo zangu zimenyeshewa kwenye kamba tangu juzi, zinanuka, na watu wengine wanataka kuanika. Nilimwacha agonge. Akaendelea. Akagonga mpaka nikakasirika, nikainuka ili nikamtukane, na nilipofungua mlango nikaona jua. Nikaenda kuanua nguo. Kutoka hapo mambo yakasogea kidogo kidogo, mpaka kwa Sista.

Sijawahi kumwambia. Miaka miwili nagombana na Mama Brayo kuhusu kamba, kuhusu zamu ya kuteka maji mferejini, kuhusu redio yake, na hajui alichofanya. Anadhani namchukia. Kuna siku namchukia kweli.

Mama yangu yuko Mwatate na sijamwambia, kwa sababu angelia na kuniombea mbele ya kanisa zima. Marafiki wangu wako Nairobi. Anayeweza kufika mlangoni kwangu kwa miguu ni mmoja tu, hatua nne. Lakini kumwomba ni lazima nimweleze kwa nini, na hilo naliogopa kuliko ile barabara ya jana. Akienda kunisema ploti nzima? Akinionea huruma, ambayo ni mbaya zaidi?

Nimewaambia vijana ishirini na kitu wafanye jambo hili. Kimanga hakuwa na mtu, akaandika nambari ya mgeni wa kwenye simu. Mimi nina mtu na nimeandika sihitaji.

Ikiwa unasoma haya nawe uko pale tulipokuwa, usingoje siku iwe nzuri ndipo useme. Mwambie mtu aliye karibu nawe leo hii, hata kama ni yule mnayegombana.

Namsikia nje sasa. Anapangusa kamba kwa kitambaa, ana beseni la nguo, bila shaka ana mashuka. Nimelifuta daftarini lile neno hahitaji, nimeandika Mama Brayo, lakini nambari yake sina. Miaka miwili, na nambari yake sina.

Natoka kumwomba. Kesho saa moja na mimi nitaripoti.